Sura ya Tano: Mwezi Gani Unafaa kwa Safari ya Barabara ya Pwani?

Swali ambalo madereva wa magari ya kukodi, wenye nyumba za wageni na waongoza watalii kati ya Bagamoyo na Malindi huulizwa kuliko jingine lolote ni hili: ni mwezi gani unaofaa kusafiri kwa gari kando ya bahari, kuona wanyama wa nchi kavu na wa majini, na kurudi nyumbani bila kunyeshewa? Jibu la kawaida hutaja Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Jibu hilo si la uongo, lakini linafaa kupokelewa kwa tahadhari, kwa kuwa kalenda ya bei za hoteli za pwani imefuata kwa muda mrefu likizo za Ulaya, yaani Krismasi na kiangazi cha huko, nao kasa, palahala na ndege wahamaji hawajawahi kuulizwa maoni yao kuhusu kalenda hiyo.

Sura hii inatetea rai kwamba pwani ya Afrika Mashariki haina mwezi mmoja mzuri. Kila mnyama ana upepo wake, kila upepo una bahari yake, na kila kipande cha barabara kina udongo unaoipokea mvua kwa namna tofauti, kiasi kwamba msafiri anayeyajua mambo haya anaweza kuondoka karibu mwezi wowote na kupata cha kuona, ilhali asiyeyajua anaweza kukwama mwezi wa Februari.

Njia inayozungumziwa huanzia Dar es Salaam, hupitia Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga, huvuka mpaka Horohoro na Lunga Lunga, hupita Kwale na Mombasa, kisha hufuata Kilifi, Watamu na Malindi hadi Garsen na Mokowe, mahali ambapo gari huachwa na safari ya kwenda kisiwa cha Lamu huendelea kwa boti.

Pepo mbili, mvua mbili

Hali ya hewa ya pwani hutawaliwa na pepo za msimu, yaani pepo zinazovuma upande mmoja kwa miezi kadhaa kisha zikageuka. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na huleta joto, anga safi na bahari tulivu. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, nayo ni kali zaidi, imepoa zaidi, na imebeba unyevu mwingi kwa sababu imesafiri masafa marefu juu ya bahari kabla ya kuigusa pwani.

Mahali ambapo hewa ya kaskazini na ya kusini zinakutana, karibu na ikweta, pana ukanda wa mawingu ambao hulifuata jua linapohama kati ya kusini na kaskazini kila mwaka. Ukanda huo huipita pwani mara mbili. Ukipanda kuelekea kaskazini huleta masika, mvua kubwa za Machi hadi Mei, na ukishuka kuelekea kusini huleta vuli, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Katikati ya mwaka, wakati wa kipupwe, hushuka manyunyu yanayoitwa mchoo, ambayo wageni wengi huyaona kuwa ni ukorofi wa hali ya hewa, ingawa wenyeji wanayatarajia.

Masika huja karibu kila mwaka kwa nguvu inayojulikana. Vuli haitabiriki hivyo, kwa kuwa hutegemea sana joto la Bahari ya Hindi: maji ya upande wa Afrika yakiwa na joto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia yakiwa baridi kuliko kawaida, mawingu hujikusanya magharibi na mvua hupindukia mipaka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, mwaka 2019 na tena mwishoni mwa mwaka 2023. Kwa hiyo anayepanga safari ya Novemba anacheza bahati nasibu zaidi kuliko anayepanga ya Mei, jambo ambalo vipeperushi vya watalii haviligusi.

Kwa nini inanyesha upande mmoja wa barabara tu?

Malalamiko mengine yanayosikika sana ni kwamba mvua ya pwani haina adabu: inanyesha hotelini na si kijijini jirani, inakatisha matembezi ya alfajiri, kisha jua linawaka kana kwamba hapakuwa na kitu. Sababu yake inaeleweka vizuri.

Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko bahari, na hewa iliyopoa huteremka kuelekea majini. Wavuvi huuita upepo huo umande na huutumia kutoka pwani kabla ya mapambazuko. Umande unapokutana na kusi yenye unyevu, karibu na ufuo, hewa hulazimika kupanda, hupoa ikiwa juu, na unyevu wake hugeuka kuwa mvua. Ndiyo maana katika miezi ya kusi mvua nyingi za ufuoni huanguka usiku wa manane na alfajiri, zikaisha kabla ya saa nne asubuhi. Mchana mambo hugeuka: nchi kavu hupata joto, hewa hupanda, upepo wa bahari huingia ndani kujaza nafasi, na mawingu hujengeka mbali na ufuo, hasa mahali penye vilima kama Shimba au miteremko ya Usambara inayoonekana kutoka barabara ya Tanga.

Msafiri anayeamka ufuoni Diani saa kumi na mbili asubuhi na kukuta mvua hana sababu ya kuvunja ratiba yake ya siku. Aliyeko Kwale, kilomita chache tu kutoka baharini, anapaswa kuhesabu kinyume, yaani atembee asubuhi na awe ameshuka vilimani kabla mawingu ya alasiri hayajakaza.

*Kwa ufupi: ufuoni mvua hupenda alfajiri, vilimani hupenda alasiri.*

Saadani: hapa udongo huamua kuliko mvua

Saadani ilikuwa pori la akiba kabla ya kutangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na sifa yake kubwa ni kwamba pori lake linafika hadi kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Anayeingia akitarajia makundi ya Serengeti atavunjika moyo, na ni haki aambiwe mapema. Wanyama wa hapa ni wachache zaidi na wana woga zaidi, nyasi ni ndefu, na simba huonekana kwa bahati. Wanaoonekana kwa urahisi ni twiga, ngiri, kuro, tohe na kongoni, na katika mashamba ya chumvi yaliyo kando ya bahari husimama heroe, wakichuja maji kwa midomo iliyopinduliwa juu chini.

Katika Saadani mvua yenyewe haisumbui kama kile inachokifanya kwenye udongo mweusi wa mbuga. Huu ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana, na gari lolote lenye tumbo la juu kiasi hupita likitikisika. Mvua ya nusu saa ikinyesha, tabaka la juu huteleza, udongo hujaza mifereji ya tairi hadi tairi likawa laini pande zote, na hapo magurudumu manne hayana faida kuliko mawili, kwa sababu hakuna hata moja linaloshika. Kwenye mchanga dereva anaweza kupunguza upepo wa matairi ili tairi litanuke na lielee. Kwenye mfinyanzi mbinu hiyo haisaidii sana. Kinachosaidia ni kungoja. Baada ya manyunyu mepesi, jua la saa chache huweza kurudisha njia, lakini baada ya siku kadhaa za masika njia za ndani hukaa zimefungwa kwa muda mrefu, na walinzi wa hifadhi wanaomwambia dereva ageuze hawana nia ya kumharibia safari.

Udongo huo huo ndio unaoamua wanyama wako wapi. Katika miezi mikavu vidimbwi vya mbugani hukauka, na kuro, nyati na tembo hulazimika kusogelea Mto Wami na mabwawa machache yaliyobaki, hivyo aliye tayari kukaa kimya karibu na maji huwaona bila kuwatafuta. Masika yakija maji yanapatikana kila mahali, na wanyama hutawanyika ndani ya nyasi zinazofika kifuani. Safari ya boti katika Mto Wami nayo hufuata kanuni hiyo, kwa kuwa maji yakipungua kingo za mchanga hujitokeza, mamba hupanda kuota jua, na viboko hubanwa katika vilindi vichache, wakati juu yao mbega weusi kwa weupe wanaruka kwenye miti ya kando ya mto.

Kutoka Saadani njia huendelea hadi Pangani, ambako kwa miaka mingi magari yamekuwa yakivushwa mto kwa pantoni, kisha Tanga na mpaka wa Horohoro. Mpaka hauhitaji maelezo marefu: dereva awe na kadi ya gari, bima inayotambulika pande zote mbili na subira.

Ukungu wa Shimba

Upande wa Kenya, Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, iko juu ya kilima kinachopanda zaidi ya mita 400 kutoka usawa wa bahari, karibu kabisa na ufuo. Kusi inapogonga kilima hicho hewa hupanda na kupoa, na matokeo yake ni ukungu wa asubuhi unaoweza kuficha mti ulio mbele ya gari. Hili hushtua watu waliotoka Ukunda, huko chini pwani, wakiwa wamevaa kandambili na kanga nyepesi.

Mnyama anayeleta watu hapa ni palahala, ambaye nchini Kenya anapatikana katika vilima hivi peke yake. Dume ni mweusi mwenye tumbo jeupe na pembe ndefu zilizopinda nyuma, na jike ni wa rangi ya hudhurungi. Hula nyasi katika maeneo ya wazi yaliyo kati ya vipande vya msitu, na ukungu ukiondoka huonekana akiwa bado malishoni, kwa kuwa ubaridi wa asubuhi humfanya asikimbilie kivuli mapema. Kwa sababu hiyo siku ya mawingu mepesi ni bora kwake kuliko siku ya jua kali, jambo ambalo mpiga picha hulikubali kwa shingo upande.

Bahari ina ratiba yake

Kutoka Shimba hadi Malindi wanyama wengi wa kutazamwa ni wa majini au wa ukingo wa maji, na hapo mwezi wa kalenda una uzito mdogo kuliko mwezi wa angani. Bamvua ni kujaa na kupwa kukubwa kunakotokea mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na tofauti ya kina inaweza kukaribia mita nne. Maji mafu ni kujaa na kupwa kudogo kunakotokea kati ya vipindi hivyo. Katika pwani hii siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Ratiba hiyo husogea mbele takriban dakika hamsini kila siku.

Hesabu hii ndogo ina faida kubwa katika Hori la Mida, karibu na Watamu. Kuanzia Agosti ndege wa maji hufika hapa wakitoka Ulaya na Asia, na miongoni mwao yumo ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye huzaliana katika visiwa na fukwe za Ghuba na Oman, akichimba handaki mchangani ili yai lisiungue kwa joto. Maji yakipwa ndege hawa hutawanyika mbali kwenye tope, na mtazamaji aliyesimama kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko huona nukta tu. Maji yanapoanza kujaa huwasukuma hatua kwa hatua kuelekea ukingoni hadi wanapokusanyika karibu kabisa. Kwa siku ya bamvua, basi, muda wa kufika Mida ni kati ya saa nane na saa tisa alasiri, na anayefika saa tano asubuhi asimlaumu mwongozaji.

Pepo nazo zinagawa wanyama wa baharini kwa namna ambayo haimpendelei msafiri. Kaskazi hutuliza maji na kuyafanya maangavu, hivyo ni msimu wa kuzamia katika matumbawe ya Watamu na Kisite, na wa kufuata pomboo kutoka Shimoni. Nyangumi wa nundu, kwa upande mwingine, hutoka bahari ya Antaktika kuja kuzaa katika maji ya joto, na hupita pwani hii takriban Julai hadi Septemba, kusi ikiwa bado kali. Boti za kuwatazama hutoka mapema kabla upepo haujapanda, na asiyevumilia mawimbi heri abaki nchi kavu, katika msitu wa Arabuko-Sokoke.

Picha ya jumla ya mwaka ni hii:

- Desemba hadi Machi: bahari tulivu, matumbawe, pomboo, ndege wahamaji, joto kali njiani.
- Machi hadi Julai: kasa wanaotaga, vyura, mimea iliyochanua, njia za udongo zenye matatizo.
- Julai hadi Septemba: nyangumi, palahala, wanyama wa Wami, bahari yenye mawimbi, na mwani mwingi uliotupwa ufuoni.
- Oktoba na Novemba: ndege waliorejea na maji yanayoanza kutulia, vuli isiyo na ahadi.

Utetezi wa masika

Masika yana jina baya, na hoteli kadhaa hufunga kabisa mwezi wa Mei. Hata hivyo, kwa mtu asiyehitaji kuota jua huu ni msimu wenye mambo yasiyoonekana wakati mwingine wowote.

Mfano mmoja unatosha. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 400, mvua hujaza vidimbwi vya muda, na usiku huo huo vyura huanza kelele. Aina mojawapo hupanda kwenye matawi yaliyo juu ya kidimbwi, ambapo jike hutoa ute na kuupiga kwa miguu ya nyuma hadi unakuwa pumba la povu jeupe lenye ukubwa wa ngumi, huku madume wakimng'ang'ania mgongoni. Mayai hubaki ndani ya povu. Uso wake hukauka na kuwa gamba, ndani pakabaki unyevu, na baada ya siku chache viluwiluwi hutoboa chini na kudondoka majini mmoja mmoja. Aliyekuja Februari ataambiwa habari hizi na mwongozaji tu. Naye aliyekuja Mei atakosa kitu kingine: sange makalio-dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na mgongo wa nyuma wa manjano, hujulikana zaidi kwa sauti ya miguu yake kwenye majani makavu, na majani yaliyolowa hayatoi sauti.

Kasa nao huja kutaga zaidi katika miezi hii. Katika ufuo wa Madete, ndani ya Saadani, kasa wa kijani hupanda mchangani usiku, huchimba shimo, na mayai hukaa humo kwa takriban miezi miwili. Hali ya hewa huingia hadi ndani ya shimo, kwa sababu jinsia ya kasa huamuliwa na joto la mchanga: ukizidi nyuzi 29 hivi, wengi wanaoanguliwa huwa majike, na ukipungua, wengi huwa madume. Mawingu na mvua zinazomkera mgeni ndizo zinazoupoza mchanga. Anayekwenda kutazama anatakiwa aende na mlinzi, azime tochi na simu, na asisimame mbele ya mnyama, kwani kasa aliyeshtuka hurudi baharini bila kutaga.

Hatari yenyewe iko wapi?

Hofu ya wageni wengi ni kimbunga, yaani dhoruba kubwa inayozunguka na kuchota nguvu kutoka bahari yenye joto. Vimbunga haviundiki karibu na ikweta, kwa kuwa mzunguko wa dunia hapo hauna nguvu ya kutosha kuizungusha hewa, na ndiyo sababu Malindi na Mombasa zina kinga ya kimaumbile ambayo Lindi na Mtwara hazina kwa kiwango hicho. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Kimbunga Hidaya kilifika eneo la Kisiwa cha Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zake zikikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Anayeelekea kusini mwezi wa Aprili au Mei asiondoke bila kusikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Kaskazini hatari ni ya namna nyingine na hudharauliwa zaidi: mafuriko yanayofika bila mvua. Mto Tana huanzia kwenye milima ya kati ya Kenya, na Sabaki hukusanya maji kutoka upande wa Nairobi, hivyo mvua iliyonyesha huko huchukua siku kadhaa kuteremka pwani. Dalili ya Sabaki huonekana kwa macho, kwani bahari ya Malindi hubadilika kuwa ya rangi ya udongo, na baadhi ya wageni hudhani ni uchafu wa mji. Dalili ya Tana haionekani hadi gari lifike Garsen. Mwishoni mwa mwaka 2023 maji yaliifunika barabara ya Lamu katika eneo la Gamba na mabasi yakashindwa kupita. Kwa kipande hicho cha njia, taarifa ya hali ya hewa ya Malindi au Lamu haitoshi. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa pia tahadhari za bonde la Tana, na hizo ndizo za kusomwa kabla ya kujaza mafuta. Maji yakiwa yamepanda, dereva mwenye busara huacha gari Malindi na kupanda ndege ndogo ya kwenda kisiwa cha Manda, ambayo huchukua chini ya saa moja, kisha kuvuka mkondo kwa boti hadi Lamu.